Siku Moja Katika Kalenda: Tarehe 10 Desemba, siku ya kuanza wimbo upya



Wanaotusoma kila juma wanajua desturi ya ukurasa huu. Tunachukua tarehe moja katika kalenda, tunaangalia ni nini kilitokea siku ile katika muziki, kisha tunajiuliza sisi wamama tunapata somo gani. Juma hili ni zamu ya tarehe 10 Desemba. Nilikuwa nimetayarisha kuandika habari nyingine, lakini mama mmoja wa shirika letu ameniuliza swali, na swali lake limenilazimisha kubadili.

Ilikuwa baada ya mkutano wa likelemba. Aliyekuwa na zamu alikuwa amekwisha kupokea franka zake, tumeimba, tumeomba, tunapanga viti. Mama huyo akanivuta pembeni akaniambia: "Madamu, nimesikia masomo mnatayarisha watoto waimbe tarehe 10. Wangu msimuhesabu. Baba yake amekataa, na mimi pia sioni faida. Muziki utamsaidia nini mtoto wa kike? Atachekwa tu."

Nilitaka kumjibu haraka kama tunavyozoea sisi walimu. Lakini neno lile "atachekwa" lilinifunga mdomo, kwa sababu mtoto wake amekwisha kuchekwa, na mimi nilikuwapo.

Ilikuwa siku ya proklamasio, mwisho wa mwaka wa masomo. Mtoto yule, wa mwaka wa tano wa msingi, alisimama mbele ya wazazi wote ili aimbe peke yake. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kufika ubeti wa pili maneno yakampotea. Akanyamaza. Vijana wa nyuma wakaanza kucheka, na wazazi wengine pia, tusifichane. Mimi ndiye niliyeshika karatasi ya programu. Saa zilikuwa zinakwenda, direkta alikuwa ananiangalia. Nikapiga makofi mawili, nikaita kikundi kinachofuata. Mtoto akashuka. Tangu siku ile hata darasani, wenzake wakiimba, yeye hufungua kaye na kujifanya anasoma.

Basi nilirudi nyumbani, nikafungua kaye yangu ya tarehe, nikatafuta 10 Desemba. Niliyoyakuta humo ndiyo nawaletea leo. Yawe jibu kwa mama yule, na kwa wengine wanaojiuliza kama yeye.

Mwaka 1948: karatasi iliyopitishwa Paris

Tuanze na jambo ambalo si la muziki, lakini ndilo linalofanya shule zetu na mashirika yetu wakusanyike siku hiyo. Tarehe 10 Desemba 1948, katika mji wa Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu. Aliyeongoza kamati iliyoliandika alikuwa mwanamke, Eleanor Roosevelt, mjane wa rais wa Marekani. Mwanamke mwingine, Hansa Mehta wa India, alifanya kazi moja ambayo kila mama anapaswa kuijua. Maandiko ya kwanza yalisema "wanaume wote" wanazaliwa huru na sawa. Wengine walimwambia kwamba neno lile linawahusu wanawake pia, kila mtu ataelewa. Yeye hakukubali. Alisimamia mpaka wakaandika "binadamu wote".

Watu wengi wanajua vipengele vinavyokataza kumtesa mtu au kumfunga bila sababu. Wachache wanafika kipengele cha 27. Hicho kinasema kila mtu ana haki ya kushiriki katika utamaduni wa jamii yake na kufurahia sanaa. Tena kinasema kwamba anayetunga kitu, jina lake na faida yake vilindwe. Kwa hiyo kuimba si mchezo wa kupoteza saa tu. Kumeandikwa pamoja na haki ya kusoma na haki ya kupata chakula. Shikeni kipengele hiki akilini, tutakirudia.

Na sisi wa Kongo tuna sababu yetu zaidi ya kuikumbuka tarehe hiyo. Tarehe 10 Desemba 2018, kule Oslo, Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alipokea zawadi ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Irak, kwa sababu ya kazi yao kwa ajili ya wanawake waliotendewa ukatili wakati wa vita. Siku ile dunia nzima ilizungumza juu ya wamama wa kwetu.

Sasa tuingie katika nyimbo.

Mwaka 1967: Otis, na wimbo uliohama nyumba

Jumapili tarehe 10 Desemba 1967, ndege ndogo ilianguka katika ziwa Monona, karibu na mji wa Madison, Marekani. Ndani yake alikuwamo mwimbaji Otis Redding na vijana wa kikundi cha Bar-Kays waliokuwa wakimpigia vyombo. Walitoka Cleveland kwenda kupiga muziki jioni ile ile. Watu saba walikufa katika maji baridi. Mmoja tu aliokoka, Ben Cauley, mpiga tarumbeta. Otis alikuwa na miaka 26. Aliacha mke, Zelma, na watoto wadogo.

Otis alikuwa mtoto wa kanisa. Alikulia Macon, katika jimbo la Georgia, na sauti yake ilianza kuzoezwa katika nyimbo za ibada, kama ilivyo kwa waimbaji wengi wa kwetu. Siku chache tu kabla ya kufa alikuwa studio akirekodi "(Sittin' On) The Dock of the Bay". Mwisho wa wimbo ule anapiga mluzi. Disiki ilitoka Januari 1968, yeye akiwa ndani ya kaburi, na ikapanda mpaka namba moja kwao Marekani. Haikuwa imetokea bado kule kwamba mtu aliyekufa awe na wimbo wa namba moja.

Lakini leo nataka tutazame wimbo wake mwingine, wa mwaka 1965, unaoitwa "Respect", maana yake heshima. Otis aliuimba kama mwanaume anayerudi nyumbani na mfuko wa pesa. Anamwambia mke wake: mimi naleta pesa, wewe nipe heshima nikifika. Wamama, wimbo huu tunaujua hata kama hatujausikia. Unaimbwa katika nyumba nyingi za mtaa wetu, bila gitaa.

Mwezi wa Februari 1967, Aretha Franklin akauchukua. Hakuwa amefikisha bado miaka 25, lakini alikuwa mama wa watoto watatu. Alikuwa binti wa mhubiri mkubwa wa Detroit, naye pia alianza kuimba kanisani. Aliukalia wimbo ule akaugeuza. Sasa si mwanaume anayedai heshima mlangoni, ni mwanamke. Tena anasema kwamba yeye pia ana vyake, hakuja kuomba. Dada zake Erma na Carolyn walimwitikia kwa nyuma. Na akaongeza kitu ambacho hakikuwa katika disiki ya Otis: analitaja neno lile herufi kwa herufi, kama mwalimu anayelifundisha kwenye ubao ili hata mtoto wa nyuma asikose kulishika. Mwezi wa Juni 1967 wimbo ukafika namba moja. Kule Marekani wanawake wakaufanya wimbo wao, na Wamarekani weusi waliokuwa wakidai haki zao wakaufanya wimbo wao pia.

Otis hakukasirika. Mwezi ule ule wa Juni, mbele ya watu wengi kwenye tamasha la Monterey, alitania kwamba wimbo huo ni wake, lakini kuna msichana aliyemnyang'anya. Kisha akauimba kwa furaha. Miezi sita baadaye alikuwa amekufa.

Naona masomo mawili hapa. La kwanza: wimbo wa dharau unaweza kugeuzwa. Si lazima mama atupe kila kitu alichokikuta. Anaweza kushika maneno yale yale na kuyaweka upande wake. Hata sisi tunafanya hivyo katika ndoa tunapoimba. Bibi arusi anapewa mashauri mia moja ya kumheshimu mume, halafu shangazi mmoja anaingiza ubeti unaomshauri na bwana arusi. Watu wanacheka, lakini bwana arusi amesikia.

Somo la pili ni la mfuko, na linarudia kile kipengele cha 27. Kule Marekani, redio ikipiga wimbo hewani, inalipa aliyetunga, hailipi aliyeimba. Mtunzi alikuwa Otis. Kwa hiyo "Respect" ya Aretha ilipopigwa katika redio miaka na miaka, malipo ya redio yalikwenda kwa jamaa ya Otis, kwa mjane Zelma na watoto. Jina lililoandikwa kwenye karatasi liliendelea kulisha nyumba hata baada ya mwenyewe kufa.

Na huyo Zelma hakuwa mjane wa kulia tu. Alikuwa amemwandikia mume wake shairi juu ya ndoto na kumbukumbu. Shairi lile likawa msingi wa wimbo "I've Got Dreams to Remember", uliotoka mwaka 1968, baada ya ajali. Kati ya majina ya watunzi, jina la Zelma Redding limo. Angekuwa mama wa kusema "hayo ni maneno yangu ya jikoni tu", jina lake lisingekuwamo.

Sasa niulize: ule wimbo tulioimba mwaka jana tarehe 8 Machi, na vikwembe vyetu vya rangi moja, ulitungwa na nani? Mimi nimeuliza wamama watano. Nimepata majibu matatu yasiyofanana.

Mwaka 2016: mama aliyekwama katikati ya wimbo

Hapa ndipo nilipomfikiria zaidi mtoto wa darasa langu.

Kila tarehe 10 Desemba, zawadi nyingine za Nobel hutolewa Stockholm, katika nchi ya Sweden. Mwaka 2016 zawadi ya fasihi ilipewa mwimbaji Bob Dylan wa Marekani. Watu walibishana sana kama nyimbo ni fasihi. Sisi tuliokuzwa kwa methali na nyimbo za bibi hatukuhitaji kubishana. Siku yenyewe Dylan hakwenda. Wimbo wake mmoja, "A Hard Rain's A-Gonna Fall", ulikuwa uimbwe na Patti Smith.

Patti Smith alikuwa amebakiza siku ishirini tu afikishe miaka 70. Si mwanafunzi. Alianza kujulikana mwaka 1975 kwa albamu yake "Horses". Halafu, wakati jina lake lilipokuwa juu, aliacha jukwaa, akaolewa, akakaa karibu na Detroit akilea watoto wake wawili. Miaka mingi kazi yake ilikuwa nyumba, na kuandika alfajiri watoto wakiwa bado wamelala. Mwaka 1994 mume wake, mpiga gitaa Fred Smith, akafariki, na yeye akarudi kuimba ili alee watoto. Wimbo aliopewa kuimba Stockholm alikuwa ameupenda tangu ujana, na marehemu mume wake pia aliupenda. Alijizoeza majuma mengi. Maneno yote aliyajua.

Basi akasimama. Mbele yake mfalme wa Sweden, malkia, wataalamu wakubwa wa sayansi, wanaume wa suti nyeusi na wanawake wa mavazi ya thamani, na kamera za dunia nzima. Orkestra ikaanza. Ubeti wa kwanza ukaenda. Ubeti wa pili, akakwama. Sawasawa na mtoto wetu siku ya proklamasio!

Alifanya nini? Hakukimbia. Hakudanganya kwa kuimba maneno yasiyokuwapo. Alisimama akaomba radhi, akasema wazi kwamba ana woga sana, akaomba orkestra ianze tena pale. Na ile sali nzima, mfalme akiwamo, haikumcheka. Watu walimpigia makofi ili wamtie nguvu. Akaanza tena. Sauti ilikuwa bado inatetemeka, lakini alifika mwisho, na watu wengine walikuwa wanalia.

Baadaye aliandika mwenyewe kwamba maneno hakuyasahau. Yalikuwa ndani yake, lakini hayakukubali kutoka. Wamama, kila mwalimu aliyekwisha kumpa mtoto mtihani wa mdomo anajua hali hiyo. Mtoto anajua. Jana usiku alikuambia yote. Leo mbele ya watu mlango umefungwa. Huyo si mjinga, na hakukosa kujifunza. Ni woga.

Aliandika pia kwamba asubuhi iliyofuata, hotelini, wataalamu wa sayansi walimfuata wakamshukuru. Walimwambia kwamba alipokwama waliona taabu yao wenyewe. Watu wale walikuwa wamekosea mara nyingi katika kazi yao kabla ya kupata. Kuanza tena ndiyo kazi yao ya kila siku.

Mimi niliposoma habari hiyo niliona haya. Mtoto wetu hakukosa kitu ambacho Patti Smith alikuwa nacho upande wa akili. Alikosa sali ya kumpigia makofi. Na alikosa mtu wa kumwambia, "Anza tena, tunakungojea." Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi. Dakika mbili tu zingetosha. Nilizihurumia dakika mbili, nikapoteza sauti ya mtoto.

Mwaka 2022: Mamu wetu

Tarehe ya mwisho ni ya nyumbani, na ina machozi yetu. Jumamosi tarehe 10 Desemba 2022, Tshala Muana alifariki Kinshasa. Alikuwa na miaka 64. Watu walimwita Malkia wa Mutuashi, na pia Mamu Nationale, yaani mama wa taifa.

Wengi wanamhesabu kuwa wa Kasai tu. Ni kweli, alikuwa Muluba wa Kasai na aliimba zaidi kwa Tshiluba. Lakini alizaliwa hapa hapa kwetu Lubumbashi, wakati mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, mwaka 1958. Kwa hiyo tarehe 10 Desemba mji wetu ulifiwa na mtoto wake.

Hakuanza kama nyota. Alianza kama mchezaji wa nyuma, katika kikundi cha M'Pongo Love. Mama huyo M'Pongo Love naye anastahili neno. Tangu utotoni miguu yake ilimsumbua katika kutembea, lakini alisimama mbele ya orkestra yake na kuimba maisha ya wanawake, wakati ambapo wanaume ndio waliokuwa na orkestra karibu zote. Alifariki Januari 1990, kijana bado. Lakini alikuwa amekwisha kuwafungulia wengine mlango. Tshala alipita mlangoni humo. Akaenda Afrika ya Magharibi, akakaa Abidjan, kisha Paris, na huko akajulikana duniani.

Alichokibeba ni mutuashi, ngoma ya sherehe za Waluba wa Kasai, ngoma ya kiuno. Wengine walisema ni aibu, mwanamke mzima anatikisa kiuno mbele ya watu. Na najua ndiyo hofu ya baba wa mtoto wetu, hata kama hakuisema: leo ataimba masomo, kesho atapotea. Sitamcheka baba huyo. Kuna watu wanaotumia muziki kuwaharibu wasichana, na mzazi anayemlinda binti yake anafanya kazi yake. Lakini tutofautishe. Ngoma ile bibi zake Tshala waliicheza mbele ya baba zao na watoto wao, na hakuna aliyeona haya. Haya ililetwa na macho ya watu wengine. Tshala alikataa kuionea haya ngoma ya mama yake, na kwa hiyo leo inajulikana Nairobi, Abidjan na Paris.

Hakubaki katika lugha moja. Wimbo wake "Karibu Yangu" ni wa Kiswahili, na jirani zetu wa Tanzania na Kenya waliupenda sana. Jambo hili linanigusa mimi kama mtu wa Lubumbashi. Wakubwa kati yetu wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, jinsi maneno mabaya yalivyowatenga watu wa Kasai na watu wa Katanga, na jamaa nyingi zikafukuzwa, zikalala kwenye stesheni ya treni na watoto. Tulikosea sana. Lakini katika ndoa za mji huu, mutuashi ikianza leo, nani anabaki kitini? Mama wa Katanga na mama wa Kasai wanasimama pamoja. Wimbo wa Tshala umewaketisha meza moja watu ambao mikutano mingi haikuwaweza.

Tena hakuwa mtu wa jukwaa tu. Wakati wa Laurent-Désiré Kabila aliketi katika bunge la mpito. Na Novemba 2020 alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Ingratitude", akaachiliwa baada ya muda mfupi. Hapa hatuingii katika siasa, kila msomaji ana mawazo yake. Nasema tu kwamba wimbo si kitu chepesi. Kingekuwa chepesi, hakuna aliyekamatwa kwa ajili yake. Na kwamba mwanamke huyo alifariki siku ile ile ambayo dunia inasoma haki za binadamu, yeye aliyetumia maisha yake yote kuimba.

Basi tufanye nini?

Nimemwandikia mama yule barua ndefu kuliko alivyotaka. Sasa niseme mafupi yanayoweza kufanyika nyumbani na katika vikundi.

Kwanza, tuwe na kaye ya nyimbo. Kila kikundi kinunue kaye moja, kama ile ya hesabu ya likelemba. Wimbo ukitungwa, tuandike jina lake, aliyetunga maneno, aliyeleta sauti, lugha, tarehe na sababu yake. Kama wamama watatu wamesaidiana, waandikwe wote watatu. Siku wimbo ukichukuliwa na redio au na mwanamuziki, tutakuwa na karatasi ya kuonyesha. Katika nchi yetu kuna shirika la haki za watunzi, linaitwa SOCODA. Lakini hakuna shirika litakalotetea wimbo usiojulikana ni wa nani.

Pili, tuwaulize bibi zetu sasa. Si mwaka kesho. Nyimbo za kumtuliza mtoto, za kutwanga, za kumlilia marehemu. Mtoto anayejua kuandika amkalie bibi siku ya Jumapili na kaye mkononi. Ni somo zuri la kuandika kuliko mengi tunayowapa. Kama simu ya nyumbani inarekodi, mrekodi, na mtaje mwanzoni jina la bibi na tarehe.

Tatu, tuchezeshe watoto mchezo wa Aretha. Mtoto ashike neno moja la maana na aliimbe herufi kwa herufi, wenzake waitikie. Mimi nimejaribu darasani na H-E-S-H-I-M-A. Wavulana walifikiri watawatania wasichana. Kisha nikawaomba kila mmoja aseme ni nani nyumbani anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Wote wakajibu "mama". Wakaimba tena, na safari hii hawakucheka.

Nne, na hii ndiyo kubwa: tusicheke anayekwama. Katika ndoa, kanisani, masomo, mkutanoni, mama anaposimama kusema na maneno yakampotea, tupige makofi. Tumwambie, "Anza tena, mama." Wangapi kati yetu hatujasema neno mkutanoni miaka mitatu, kwa sababu siku moja tulikosea Kifaransa na mtu akacheka?

Na sasa namgeukia wewe mama uliyeniuliza. Uliniuliza muziki utamsaidia nini mtoto wa kike. Sijui kama binti yako atakuwa mwimbaji, na sitakudanganya kwamba atapata pesa humo. Pengine atakuwa muuguzi, au ataketi sokoni Kenya kuuza mboga, au atakuwa mwalimu kama mimi. Lakini siku moja atasimama mahali na kuhitaji sauti yake: mbele ya daktari, mbele ya hakimu, mbele ya jamaa ya mume, mbele ya watoto wake. Siku hiyo maneno yanaweza kumpotea. Nataka awe amekwisha kujua kwamba mtu anaweza kukwama, akapumua, akaomba radhi, akaanza tena, na asife.

Kosa la siku ya proklamasio lilikuwa langu, si lake. Nimekwisha kumwomba radhi darasani mbele ya wenzake, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipomwacha. Hakunijibu. Aliangalia kaye yake. Lakini jioni ile, wakati wa kufagia darasa, nilimsikia nje ya dirisha akiimba polepole ule ubeti wa pili. Wote, mpaka mwisho.

Mwambie baba yake kwamba nafasi yake katika programu iko bado. Sikuifuta. Wimbo ni ule ule, nguo ni ile ya masomo. Nitasimama karibu naye na maneno mkononi. Akikwama, nitasema kwa sauti ambayo hata vijana wa nyuma wataisikia: "Anza tena, mwanangu, tunakungojea." Wewe pia njoo, na ulete wamama wa likelemba, wakae mbele. Tutahitaji makofi yenu.

Juma lijalo, tarehe nyingine. Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.

Mwalimu wenu